Safaya ya Umba au ganeti? Pima majini

Mnaonunua mawe ya vito ya Bonde la Umba, huku kwetu Tanga, tafadhali msiamini rangi peke yake. Umba inatoa safaya na ganeti, aina mbili tofauti za vito, na zote zipo zinazogeuka rangi: kijani au buluu juani, zambarau au nyekundu chini ya balbu ya nyuzi.

Pima jiwe kavu, kisha lipime likining'inia majini kwa uzi mwembamba. Gawanya uzito wa kavu kwa tofauti ya vipimo hivyo. Safaya hutoa karibu 4.0, ganeti hizi karibu 3.8. Adui ni viputo: vinaliinua jiwe, jibu linashuka, safaya halisi inasomeka ganeti! Tia tone la sabuni. Jiwe lisilofika karati 1 (gramu 0.2) linahitaji mizani nyeti sana.