Pesa za nyumba nafuu Olympia: ziko bajeti gani, na zinaombwa lini

Huku Kent, Tukwila na SeaTac, miji ya kusini mwa Seattle, habari za "twendeni Olympia tukadai nyumba", yaani kwenye Bunge la Jimbo la Washington, Marekani, huanza kusikika Februari. Kwa kusukuma muswada, Februari si mbaya. Kwa kuomba pesa, umechelewa. Idara za serikali ya Jimbo la Washington hupeleka maombi yao ya bajeti Septemba, gavana hutoa rasimu yake Desemba, na Bunge likifunguliwa Jumatatu ya pili ya Januari, tarakimu za kuanzia mazungumzo zipo mezani tayari. Mbunge utakayemwendea Februari na ombi la mamilioni ambayo hayamo kwenye rasimu ya mtu yeyote atakusikiliza kwa adabu, mtapiga picha, basi.

Jambo la pili ni mwaka. Bajeti ya jimbo ni ya miaka miwili na huanza tarehe 1 Julai ya mwaka usiogawanyika kwa mbili. Mwaka huo Bunge hukaa siku 105 na ndipo pesa kubwa hugawanywa. Mwaka unaofuata hukaa siku 60 tu, kurekebisha bajeti iliyokwisha kupita. Muswada uliokwama mwaka wa kwanza haufi. Unaweza kufufuliwa mwaka wa pili. Miaka miwili ikiisha, unaandikwa upya.

Halafu kuna bajeti tatu: ya matumizi ya kawaida, ya maendeleo na ya usafiri. Pesa za kujenga nyumba nafuu ziko kwenye ya maendeleo, katika mfuko unaoandikwa kwenye makaratasi kama Housing Trust Fund, chini ya idara ya biashara ya jimbo, Commerce. Bajeti ya 2023 hadi 2025 iliutengea dola milioni 400. Ya 2025 hadi 2027, milioni 605. Kwenye Baraza la Wawakilishi inashughulikiwa na kamati ya bajeti ya maendeleo. Kwenye Seneti hupitia kamati ya fedha, Ways and Means. Watu hukosea hapa: wanatoa ushahidi mzuri sana mbele ya kamati ya nyumba, ambayo haishiki hata senti ya ujenzi.

Mfuko huu unategemea hati fungani, yaani pesa ambayo jimbo linakopa kwa wawekezaji, na katiba ya jimbo inataka deni la namna hiyo lipate asilimia 60 ya kura za kila chumba cha Bunge: wawakilishi 59 kati ya 98, na maseneta 30 kati ya 49. Kwa kawaida chama kimoja hakifikishi hesabu hiyo. Mwaka 2017 bajeti ya maendeleo yote ilikwama, na sababu haikuwa nyumba hata kidogo. Ilikuwa visima. Maseneta wa Republican waliokuwa na wingi walikataa kuipitisha mpaka itungwe sheria ya kutatua uamuzi wa Mahakama ya Juu ya jimbo wa 2016 kuhusu visima vya vijijini. Ikapita Januari 2018, zaidi ya nusu mwaka baada ya tarehe yake.

Ndiyo maana kuongea na wabunge wa Seattle peke yao ni kazi bure. Wao wanakubaliana nawe kabla hujafungua kinywa. Mtafute wa Yakima au Spokane. Hoja ipo: sheria ya mfuko inataka angalau asilimia 30 ya pesa iende vijijini, na sehemu imekuwa ikijenga makazi ya vibarua wa mashambani. Mbunge wa upande wa mashariki anataka kusikia mradi ulio kwenye wilaya yake, una vyumba vingapi, na nani ameshaweka pesa.

Hapo kwenye "nani ameshaweka pesa" ndipo ombi zito linapojitofautisha na kilio. Jengo la wapangaji wenye kipato cha chini halijengwi kwa chungu kimoja. Kodi ya pango ikiwa ndogo, mkopo wa benki unaoweza kulipika nao ni mdogo. Nafuu ya kodi ya mapato ya serikali kuu huleta wawekezaji. Mji au kaunti huongeza. Na pengo linalobaki ndilo huzibwa na mfuko wa jimbo. Mwaka 2025 sheria ya serikali kuu ilipunguza kiwango cha hati fungani ambacho mradi lazima uwe nacho ili upate nafuu hiyo, kutoka asilimia 50 ya gharama hadi 25, kuanzia 2026. Hati fungani zilezile sasa zinaweza kubeba miradi mingi zaidi, kwa hiyo pesa ya kuziba pengo ndiyo inayokuwa kikwazo. Mweleze mbunge hivyo. Ni hoja yenye nguvu kuliko kumwambia jimbo linahitaji nyumba milioni 1.1 katika miaka 20. Hesabu hiyo ni ya Commerce na ni ya kweli, lakini kila mmoja ameshaisikia.

Huduma za wasio na makazi, pamoja na sehemu ya msaada wa kodi ya pango, zina chanzo kingine: ada inayolipwa kaunti mtu anaposajili hati ya nyumba. Riba za mikopo zilipopanda kuanzia 2022, watu waliacha kubadilisha mikopo, hati zikapungua na ada ikaanguka, wakati ambapo wanaohitaji msaada hawakupungua. Ombi sahihi hapa ni pesa ya kudumu kutoka mfuko mkuu wa jimbo. Kuongeza ada kunarudisha shida ileile riba zikipanda tena.

Sheria bila pesa huenda njia nyingine, na kisa cha kikomo cha kupandisha kodi ya pango kinaionyesha vizuri. Muswada HB 2114 ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2024 ukafia Seneti ndani ya Ways and Means, siku ya mwisho ya kamati ikapita bila kura. Mwaka 2025 ukarudi kama HB 1217. Seneti iliubadilisha, ikapandisha kikomo. Baraza likakataa, wakaundiwa kamati ya pamoja, na gavana Bob Ferguson akausaini Mei 2025. Sasa kodi haiwezi kupanda ndani ya miezi 12 zaidi ya asilimia 7 pamoja na mfumuko wa bei, au asilimia 10, ile iliyo ndogo. Mwaka wa kwanza wa upangaji haipandi kabisa. Majengo mapya yamesamehewa kwa miaka 12. Marekebisho kwenye ukumbi wa Seneti ndiyo yaliyokaribia kuutoboa, kwa hiyo simu kwa seneta wako zinahitajika wiki za mwisho kuliko wiki ya kwanza.

Kutoa ushahidi hakuhitaji uraia. Unajiandikisha kwenye tovuti ya Bunge, unachagua kamati, muswada na upande wako, kabla ya saa moja ya mwisho kuelekea kikao. Unaweza kuongea kwa video, au kuandika tu kwamba unaunga mkono bila kusema neno. Idadi hiyo wabunge wanaiangalia. Maandishi hupokelewa hadi saa 24 baada ya kikao kuanza. Muda wa kuongea mara nyingi ni dakika moja au mbili, na ukitumia mkalimani zinaweza kugawanyika nusu, kwa hiyo panga maneno hivi: wilaya yako ya uchaguzi, kodi yako ilikuwa kiasi gani na sasa ni kiasi gani, namba ya muswada, unataka wafanye nini. Salamu ndefu na shukrani kwa waheshimiwa wote zitakula dakika nzima. Kumbuka pia kila kitu kinarekodiwa na kubaki wazi kwa umma. Mwenye kesi ya uhamiaji au mgogoro na mwenye nyumba amwulize wakili kwanza.

Viongozi wa jumuiya zetu huogopa kwamba shirika lisilo la faida haliruhusiwi kugusa siasa. Kampeni ya mgombea ndiyo marufuku. Kushawishi kuhusu muswada kunaruhusiwa kwa kiasi, na shirika lisilo kanisa likijaza fomu 5768 ya mamlaka ya kodi ya serikali kuu (IRS) linapata kipimo kinachohesabika: asilimia 20 ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yake. Linalotumia dola 200,000 kwa mwaka linaweza kutumia 40,000. Wasiolipwa, na wasiotumia pesa kwa ajili ya wabunge, hawahitaji kujisajili kama washawishi.

Bunge likifungwa, gavana ana siku 20 bila kuhesabu Jumapili, na anaweza kufuta vifungu vya bajeti kimoja kimoja. Barua kwake iandikwe siku hizo, ikitaja namba ya kifungu.