Printa ya ami na neno moja ndani ya pakeji

Ami yangu ana duka la kuchapa Ndia Kuu, hapa Lamu. Kadi za harusi, fomu za shule, na Maulidi yakikaribia, karatasi za kasida usiku na mchana. Kompyuta yake ya zamani ilipokufa (chumvi ya bahari haina huruma), nilimtilia Debian 12 (mfumo endeshi wa jamii ya Linux) ya biti 64 kwenye nyingine. Vyote vikaenda sawa, isipokuwa printa.

Draiva yake, yaani programu ya kuongea na printa, ilikuwa faili moja ya deb (pakeji ya kusakinisha ya Debian), kuukuu, na iliingia bila kinyongo. Lakini kila nikituma ukurasa, printa kimya. Nikaiita programu ya draiva kwa mkono kwenye terminali, ikanijibu "No such file or directory". Faili naiona kwa macho yangu, na ruhusa zake ni sawa! Nikaifuta nikaisakinisha tena mara tatu. Usiku ukaisha hivyo.

Asubuhi nikakumbuka amri ya `file`, inayosema faili ni la aina gani. Kumbe programu ni ya biti 32, na inataka kipakizi chake cha kuianzisha, `/lib/ld-linux.so.2`. Kilichokosekana ni hicho, si programu; ujumbe ule humsingizia asiye na kosa. Nikaandika `dpkg --add-architecture i386` (i386 ni jina la biti 32), kisha `apt update`, kisha `apt install libc6:i386`. Tangu Debian 7 ya mwaka 2013 maktaba (faili ambazo programu huzitegemea) za aina mbili, biti 64 na biti 32, hukaa nyumba moja, kila moja na chumba chake: `/usr/lib/x86_64-linux-gnu` na `/usr/lib/i386-linux-gnu`.

Programu ikaamka, ikaanza kulilia `libcups.so.2`, maktaba ya uchapaji iliyomo kwenye pakeji ya `libcups2`.

Hapo ndipo nilipokasirika hasa, kwa sababu pakeji ilitaja wazi kwamba inategemea `libcups2`. Mbona apt, msakinishaji wa Debian, haikuileta? Nikaipekua kwa `dpkg -I`, nikakuta `Architecture: all`. Aliyeifunga alidai inafaa mashine zote, na tumboni ameficha biti 32. Pakeji ya "all" huhesabiwa kama ya mashine yenyewe, kwa hiyo apt iliiona `libcups2` ya biti 64 imeshaketi, ikaridhika.

Nikaiondoa, nikaifungua deb kwa `dpkg-deb -R`, nikabadili "all" kuwa "i386" kwenye faili la control (lenye maelezo ya pakeji), nikaifunga upya kwa `dpkg-deb --root-owner-group -b`. Safari hii `apt install` ikaleta `libcups2:i386` yenyewe, bila kuambiwa. Toleo lake ni lilelile la biti 64, na ni lazima liwe hivyo: yakitofautiana kidogo tu, apt hukataa kuyaweka pamoja.

Ukurasa wa kwanza ulipotoka, ami aliugeuzageuza, akaniuliza nilibadili nini.

"Neno moja, ami."

"Siku mbili kwa neno moja, mwanangu? Haya, niletee karatasi. Watu wa kasida washafika."