Maziwe Haiendewi kwa Kalenda ya Ukutani

Mtu akiniuliza aende Maziwe tarehe ngapi, na mimi humwuliza mwezi una siku ngapi. Si majivuno. Maziwe, mbele ya kijiji cha Ushongo wilayani Pangani, ni fungu la mchanga linalotokeza maji yakipwa na kumezwa maji yakijaa, na bahari haijui kwamba bosi wako amekupa ruhusa Ijumaa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama juzi, maji ya pwani yetu hupwa hasa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa alasiri. Hapo unapata mchanga wa kukanyaga, jua la kukumulikia chini, na muda wa kurudi nchi kavu kabla upepo haujachafua bahari. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hupwa jioni, tena hayapwi vizuri. Utalipa boti uende kutazama maji.

Sisi tulikwenda mwishoni mwa Februari 2024, mwezi wa Shaabani umeshiba. Ramadhani inakaribia, Dar ipo kwenye mgao wa umeme, sukari imeadimika madukani, na cherehani zangu za umeme pale Tandika zinalala kuliko kushona. Shemeji akasema kama ni kukaa gizani, twende tukakae gizani pwani. Noah anayo yeye, kwa hiyo hoja ikapita. Tukapakia mahema, jiko la gesi, madumu ya maji, mchele na turubai. Wifi akaongeza mito ya kitanda, na mtu asimcheke, kwa sababu usiku wote tuliigombania.

Kabla ya safari kazi yangu ilikuwa nguo. Mimi ni mzaliwa wa Tabora, maji makubwa niliyoyajua utotoni ni bwawa la Igombe, na kuogelea nimejifunza ukubwani, kwenye bwawa la hoteli siku za wanawake peke yao. Navaa hijabu. Nguo za kuogelea za stara zinazouzwa mjini ama ni za bei ya kushtua, ama zimeshonwa kwa uzi wa pamba ambao chumvi inaumaliza. Nikanunua laikra Kariakoo, nene kidogo ili isichore mwili, nikaishona kwa uzi wa poliesta na mshono wa zigizaga ili ivutike bila kukatika. Kofia ndiyo iliyonitoa jasho. Miwani ya kuzamia inashika uso kwa ule ukingo wake laini, na chochote kikipita chini ya ukingo, iwe kitambaa au nywele, maji yanaingia. Kwa hiyo kofia inatakiwa ianzie nje ya ukingo: juu ya paji la uso, ipite pembeni ya masikio, ishuke chini ya kidevu, na mkanda wa miwani ukae juu ya kitambaa. Nilijaribu na kufumua mara kadhaa, uso ndani ya beseni uani, mwanangu Nasra ananihesabia sekunde na majirani wakidhani kuna mtu anaogeshwa dawa.

Shemeji hakuhitaji kofia, alihitaji wembe. Masharubu yana balaa lilelile la nywele. Alikataa kunyoa, akapaka vaselini. Maji yaliingia.

Njia sina mengi ya kuisemea. Chalinze, Wami, Mkata, Segera, na tochi za trafiki kila penye kibao cha hamsini. Ukifika Muheza unakata kulia, na lami ilituacha hapo. Mvua za vuli mwaka ule zilikuwa zimepitiliza, kwa hiyo barabara nyekundu ya kwenda Pangani ilikuwa na makorongo ya kumfanya shemeji azime redio ili asikilize springi. Pangani mjini tulipanga foleni ya kivuko cha kwenda Bweni, huku daraja jipya likijengwa. Baba Nasra ni mwalimu wa historia, na huu ni mji ambao Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim, Desemba 1889. Mnaelewa shida yetu. Angeachiwa tungelala hapohapo.

Kutoka Bweni ni vumbi, minazi na mashamba ya mkonge mpaka Ushongo. Tuliomba nafasi ya kupiga mahema, tukalipia, wifi akataka chini ya mnazi kwa sababu ya picha. Kijana wa pale alinyoosha kidole juu tu, tukaona madafu yalivyosongamana, tukahamia kwenye mivinje. Jambo jingine la kuangalia ni mstari wa mwani mkavu ufukweni. Mwani ndio unaokuambia maji ya juzi yaliishia wapi, na wakati wa bamvua maji ya usiku hupanda karibu na alfajiri, wewe umeshalala. Tulikaa juu kabisa ya mstari ule. Hata hivyo saa kumi usiku niliamka kwa jinsi mawimbi yalivyosikika karibu, nikatoa kichwa nje, nikakuta bado yana hatua nyingi za kutufikia, ila kaa wamejaa kwenye sufuria la wali.

Nahodha wetu alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa palepale. Asubuhi tulimpa shikamoo na kikombe cha chai, akaitikia shikamoo na kukataa chai. Alikuwa kafunga ile sunna ya katikati ya mwezi. Akatazama mahema yetu na masufuria yetu, akauliza, "Kumbe mmekuja dago?" Wavuvi wa pwani hupiga dago, yaani kambi ya kuvua mbali na kwao, miezi mingi, familia zikibaki nyumbani. Nilimjibu dago letu lina mito ya kitanda, akacheka mpaka akakaa.

Kutoka Ushongo ni kama kilomita nane. Bahari ya kaskazi asubuhi imetulia, boti ya mbao inakwenda kwa injini, na kwa muda mrefu mbele hakuna kitu, halafu panatokea mstari mweupe. Tulishuka na turubai na miti ya kulisimamishia, kwa sababu kule hakuna kivuli hata cha kufunika kuku.

Na hapo ndipo nahodha aliposema kwamba kivuli kilikuwepo. Utotoni mwake Maziwe ilikuwa na mivinje, wavuvi wakilala chini yake, na kasa wakipanda kutaga kwa wingi. Maneno yake yanakubaliana na kumbukumbu za serikali. Mwaka 1975 Maziwe ilipofanywa eneo tengefu ilikuwa kisiwa kweli, na sababu kubwa ilikuwa hao kasa. Miaka michache baadaye miti ikaisha, mchanga ukaliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji yakijaa yakawa yanapita juu. Ushongo wapo wanaosema ni shoka, wapo wanaosema ni bahari. Baba Nasra alitaka kujua upande gani una ushahidi, nahodha akamjibu, "Mwalimu, vyote viwili vinakata." Kasa hawajapata habari. Bado wanakuja kutaga, na mayai yao yangezama, kwa hiyo watu wa Ushongo huyachukua na kuyafukia upya ufukweni kwao, ambako hukaa takriban miezi miwili ndipo vitoto vitoke.

Tuliingia majini maji yalipokuwa yamesimama, yaani yamemaliza kutoka na hayajaanza kurudi, maana mkondo ukianza hutakaa ukaangalia kitu. Temea mate ndani ya kioo, paka, suuza, vaa. Inakera kuisikia ila kioo hakishiki ukungu.

Kofia ilishika. Hilo niliseme kwanza kwa sababu ndilo nililokuwa nalifikiria mimi, samaki baadaye. Pumzi za mwanzo zilikuwa fupi na za haraka, wifi kanishika mkono, kisha nikasikia kitu: ka, ka, ka, kama mtu anatafuna mawe. Ni pono. Bara tunamjua kwa usingizi wake tu, mtu akizidisha kulala anaambiwa kalala pono. Mchana hana hata lepe. Ana mdomo mgumu kama kasuku, anakwangua mwani kwenye mwamba na kumeza jiwe pamoja nao, jiwe linasagwa na meno ya kooni, linatoka nyuma likiwa mchanga mweupe. Tulimwona mmoja akiachia wingu zima. Nilipomweleza Nasra kwamba sehemu ya kisiwa tulichokalia chini ya turubai ilipitia huko, alisimama akajipangusa nguo.

Samaki vitatange walikuwepo wa manjano na wa mistari, samaki aitwaye taa amejifukia kaacha macho, viti vya pweza wenye umbo la nyota, na wale wa miiba mirefu myeusi waliotufanya tusiguse chini. Hata bila wao usiguse. Matumbawe ni wanyama wadogo waliojengana, na kinachowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula ni mwani unaoishi ndani ya miili yao. Maji yakizidi joto wanautoa, wanabaki weupe, na joto lisiposhuka wanakufa. Nahodha alitupitisha pia sehemu iliyobaki vifusi vitupu, akasema hiyo si joto, ni baruti za miaka ile watu walipokuwa wakivulia mabomu. Tofauti inaonekana. Mwamba wa baruti umesambaratika, hauna hata umbo.

Maji siku ile yalikuwa ya uvuguvugu, nikafurahi. Sasa naikumbuka ile furaha kwa uchungu. Aprili mwaka huohuo NOAA, idara ya Marekani inayofuatilia bahari, ilitangaza kwamba matumbawe ya dunia yameingia kwenye wimbi la nne la kupauka. Wimbi la mwaka 1998 liliua mengi sana upande huu wa Bahari ya Hindi.

Faida nyingine ya stara ni kwamba sikupaka mafuta ya jua popote isipokuwa puani, na baadhi ya mafuta hayo yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Hawaii wamepiga marufuku kuyauza tangu 2021. Shemeji, kifua wazi, alijipaka chupa nusu na bado aliungua mgongo, akarudi Dar ameuegemea mlango wa Noah kiubavu huku Baba Nasra akiendesha.

Kuhusu nguo, walioziona picha wameanza kuulizia. Nashona, ila sipokei vipimo vya kofia kwa simu. Njoo Tandika na miwani yako mwenyewe utakayozamia nayo, uivae, nikupime juu yake. Beseni ninalo.