Baba mkubwa yuko wapi humu?

Siku ya nne leo, sauti ya Mama mkubwa haijanitoka. Jumapili pale Igogo, Mwanza, nilimvisha hedifoni asikilize kaseti ya zamani ya Baba mkubwa niliyoihamishia kwenye kompyuta. Akasikiliza wimbo wa kwanza, wa pili, akazivua taratibu. "Imekuwa safi, mwanangu. Sasa Baba yako mkubwa yuko wapi humu?"

Nikamwambia kaseti ni ileile, nimetoa kelele tu.

"Kelele gani?"

Kwa upole kabisa. Angefoka ningekuwa nimeshasahau.

Ni ile C90, kaseti ya dakika 90, ya kwenye sanduku la nyavu. Baba mkubwa alinasa nyimbo za dansi kutoka vipindi vya salamu vya Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) kwa redio mbili: moja ikiimba, ya kaseti ikiwa mbele yake, inarekodi kwa maikrofoni. Kwa hiyo chumba kizima kimo kwenye mkanda. Nilijua hilo, ndiyo maana linauma.

Kazi ya mikono niliifanya vizuri. Kaseti yenye ukungu haiingizwi kwenye deki nzima ya kuchezea kaseti, maana ukungu unahamia kwenye hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, na kuchafua kaseti zinazofuata. Nilifungua skrubu 5, nikafuta kingo za mkanda kwa pamba kavu, nikahamishia magurudumu yote mawili kwenye ganda jipya. Kile kipande cha sufu kinachokandamiza mkanda kwenye hedi kilikuwa kimebanduka, gundi huwa inakauka. Bila hicho sauti inafifia na matoazi yanapotea. Hedi na rola ya mpira nilizisafisha kwa spiriti ya mafundi simu, siyo ile ya asilimia 70 ya duka la dawa, ina maji mengi. Kisha nikaupeleka mkanda mbele hadi mwisho na kuurudisha wote kabla ya kucheza. Mkanda wa C90 ni mwembamba kuliko wa C60. Ukiwa umeshikana, ukianza kuuchezesha tu unavutika au unaliwa.

Kosa lilifanyika kwenye kompyuta. Programu ya kupunguza kelele huonyeshwa kwanza kipande chenye mvumo mtupu, iuzoee, halafu iutoe kote. Mimi nikachukua sekunde 3 kati ya nyimbo mbili, mahali nilipodhani pako kimya. Hapakuwa kimya. Baba mkubwa alikuwa anaongea kwa mbali, na programu ikajifunza kwamba sauti yake nayo ni uchafu. Nikaiambia ipunguze kwa desibeli 24, nyingi mno. Halafu nikakata nafasi zote kati ya nyimbo na kufuta faili la mwanzo, maana dakika 90 za WAV, faili la sauti lisilobanwa, ni karibu megabaiti 950 na kompyuta ilikuwa imejaa.

Wiki hii mdogo wangu amechumbiwa, wageni wa Sengerema wamekuja kwa daraja jipya la Kigongo–Busisi bila kusubiri kivuko, nami nimekaa nao sebuleni nikiwaza "kelele gani?"

Jana usiku nikairudia yote. Safari hii nilianza na skrubu ndogo ya pembeni ya hedi, kuizungusha kidogo kidogo hadi matoazi yakafunguka, kwa sababu hedi ya redio iliyorekodi haikuwa na mlalo sawa na ya deki yangu. Kiwango cha sauti ya kurekodi nikakiacha kisivuke desibeli 6 chini ya mwisho, sauti isipasuke. Kelele sikugusa.

Upande B, dakika ya 31, wimbo unaisha, honi ya meli inalia bandarini, kisha: "Fungeni huo mlango, narekodi!"

Nimeisikiliza mara kumi na kitu. Nilikuwa nikidhani kaseti za zamani zinatunza nyimbo. Wimbo wenyewe huenda upo pengine, kwa ubora zaidi. Huo mlango haupo pengine popote.

Nilimtumia Mama mkubwa kipande hicho alfajiri. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, mwanzoni anahema tu, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Mlango wenyewe nilikuwa naufunga mimi! Nimebeba ndoo ya maji, naye anafoka!" Akaomba nimtumie yote, na mvumo wake.

Faili sasa liko kwenye flashi mbili, moja kwangu, moja kwa dada.