Kipande cha utumbo kilichonyamaza

Simbilisi alikuwa amedungwa tumboni miligramu 10 za ovalbumini, ile protini ya ute wa yai, pamoja na alumu, chumvi ya kuchochea kinga, wiki tatu kabla ya zoezi letu la famakolojia kuhusu anafilaksia, yaani mshtuko wa mzio. Muda huo haupunguzwi: kingamwili lazima zitengenezwe, kisha zishike kwenye seli za masti, zile zinazohifadhi histamini, kemikali inayobana misuli.

Tulikata sentimita 3 za mwisho wa utumbo mwembamba, tukausafisha taratibu kwa maji ya Tyrode, yenye chumvi na sukari kama majimaji ya mwili, tukafunga uzi kila ncha. Mmoja ulishikizwa chini ya chombo cha mililita 20, mwingine kwenye kalamu yenye uzito wa gramu 1. Joto nyuzi 37, hewa ikibubujika. Tuliuacha upumzike nusu saa, huku nikibadilisha maji kila baada ya dakika 10. Kalamu ilipanda kidogo mara mbili. Nikadhani utumbo unajizoesha.

Tukaweka ovalbumini, tukitarajia utumbo ubane. Mstari wa kalamu kwenye karatasi ya masizi ukabaki umenyooka.

"Mama, utumbo umekufa," nilimwambia fundi wa maabara.

Aliuosha mara tatu, akaweka histamini. Kalamu ikaruka.

"Misuli mizima, mwanangu. Seli za masti ndizo zimeshamwaga akiba. Pipeti ya kujazia maji umeitoa wapi?"

Ilikuwa ile ya ovalbumini, niliyoisuuza mara moja tu. Mabaki yake yaliingia kidogo kidogo kila nilipobadilisha maji, yakazichosha seli kabla ya dozi yenyewe.

Mwaka 1913 Henry Dale, mwanasayansi Mwingereza, alionyesha jambo hili kwa mfuko wa uzazi wa simbilisi: damu imeoshwa, lakini tishu bado inamkumbuka adui. Simbilisi mzima akipatwa na mshtuko huo, huuawa na misuli hiyohiyo laini, ila ya njia za hewa. Hubana, na mapafu hubaki yamevimba kwa hewa isiyotoka. Sungura huzidiwa kwa kubana kwa mishipa ya damu ya mapafu, mbwa damu hutuama kwenye ini, na kwa panya mdogo mshtuko hupimwa kwa kushuka kwa joto la mwili. Kwa hiyo dawa inayomwokoa simbilisi bado haijathibitishwa kwa wengine.

Kipande cha pili kilikuwa kwenye Tyrode baridi. Tukakipasha joto, tukachukua pipeti mpya. Safari hii kalamu ilipanda mpaka juu, ikakaa, ikashuka polepole. Tukaosha, tukarudia dozi ileile: mstari ulionyooka, na sasa tulijua sababu yake.