Kontrola imeungua

Jamani leo nimeumia moyo. Roboti yangu ya mapigano, daraja la kilo 1.5 huku Uingereza, niliibana ukutani pale gereji makusudi ili mota zikwame kama zitakavyokwama ulingoni.

Sekunde chache tu, moshi.

Nilichagua kontrola ya spidi, kile kifaa kinachodhibiti umeme unaoenda kwenye mota, kwa kuangalia umeme mota inaovuta ikizunguka bure, wakati ikikwama inavuta umeme mara kadhaa ya huo na betri ya lipo (lithiamu) ya seli 4 ikijaa ni volti 16.8, inamwaga umeme wote tu.

Kontrola ninayo hapa kiganjani, chipu ina katundu keusi kama ncha ya sindano, bado inanuka. Mota ziko poa, nimezizungusha kwa kidole.

Wadau, nichukue kontrola kubwa au nishuke hadi betri ya seli 3, yenye volti ndogo? Nafasi ya uzito iliyobaki kabla ya kufika kilo 1.5 ni gramu 40.