Dola themanini za ruhusa ya kucheza na mdogo wangu

Mdogo wangu anafanya kazi Mbeya, mimi nina steshenari hapa Makulu, Dodoma, mama yuko Mpwapwa. Nikishafunga duka na kula, namtumia ujumbe wa neno moja, "upo?", akijibu nawasha PS4, mashine ya gemu ya PlayStation. Tunavaa hedifoni tunacheza FC, gemu ya mpira wa miguu ya kampuni ya EA, na humo humo ndani ya mechi ndimo tunamopangia mambo ya nyumbani: nani atatuma hela ya dawa za mama, ada ya mdogo wetu wa mwisho imefikia wapi, shamba la karanga litapaliliwa na nani. Ukimpigia simu kijana huyu atakujibu "poa, dada" na kukata. Akiwa na pedi mkononi anasema yote, hata yale ya moyoni. Kwa hiyo ukiniambia gemu ni anasa, niache kama sina hela, naomba unisikilize kwanza.

Mashine tulishanunua. Diski tulishanunua. Bando tunajiunga wenyewe, Luku tunalipa wenyewe. Juu ya hayo yote ipo ada nyingine ya Sony, wenye PlayStation, iitwayo PlayStation Plus, ambayo usipoilipa huruhusiwi kucheza gemu kama FC na mtu aliye nyumba nyingine. Enzi za PS3, mashine iliyotangulia, kucheza mtandaoni kulikuwa bure. PS4 ilipotoka Novemba 2013 ndipo ikawa lazima kulipia, na kwa Marekani bei ya mwaka ilikuwa dola 49.99. Mwaka 2016 ikawa 59.99. Septemba 2023 ikaruka hadi 79.99, na hilo ni daraja la chini kabisa. La juu kabisa lilitoka 119.99 likaenda 159.99. Mechi ni ile ile, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, na mtandao wa kuifikisha Mbeya naulipia mimi.

Aliye Marekani amepandishiwa dola 20. Sisi tumepandishiwa mara mbili, kwa sababu dola nayo ilikuwa inapanda. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa shilingi 2,300 na kidogo, kwa hiyo dola 60 zilikuwa kama shilingi 140,000. Mwisho wa 2023 dola ilishafika 2,500, na ada yenyewe ni 80. Piga hesabu: laki mbili. Mei Mosi ya 2025 pale Singida Rais alitangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kuwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini laki mbili kati ya laki tano, kwa ajili ya kuruhusiwa tu kuingia uwanjani! Na sisi ni wawili, kila mmoja na ada yake.

Halafu hiyo laki mbili ni ya kwenye karatasi. Tanzania haimo katika nchi zenye duka la PlayStation. Huwezi kulipa kwa shilingi, huwezi kulipa moja kwa moja kwa simu. Wengi wetu tumefungua akaunti za Marekani, tunanunua vocha za dola kwa watu wanaoziuza kwa namba za kunakili, na kila muuzaji ana "dola" yake. Dola ya benki ikiwa 2,500, yake ni 2,900, wakati mwingine 3,000, ukiuliza anakwambia mzigo umepungua. Kuna mmoja aliniuzia namba iliyokwisha kutumika. Nilipompigia akaniambia nimekosea kuiandika, kesho yake simu haipatikani. Nilikosa hela na nikakosa pa kwenda kulalamika, maana nikiwaandikia wenye kampuni wataniuliza nilinunua wapi.

Hapa ndipo penye hasira yangu hasa. Afrika Kusini wana duka lao na wanalipa kwa randi. India wanalipa kwa rupia, na ukiigeuza bei yao kuwa dola, ni ndogo kuliko ya Marekani. Maana yake kampuni inajua kabisa kwamba kipato cha mtu wa Mumbai si cha mtu wa Chicago, na ikitaka inaweza kupanga bei kwa kuangalia hilo. Sisi hatujapangiwa chochote. Tunalipa bei ya Chicago, tunaongeza faida ya muuzaji wa vocha na makato ya kutuma pesa, tukiwa Makulu.

Bando sitalisemea sana. Mechi yenyewe hailii bando kama watu wanavyodhani. Kinachomaliza ni zile apdeti, gigabaiti juu ya gigabaiti, na usipoziweka mchezo haukuunganishi na mwenzako. Huwa nazishusha usiku kwa kifurushi cha usiku.

Wapo wanaonishauri nihamie gemu za bure. eFootball, gemu nyingine ya mpira, ile iliyokuwa ikiitwa PES, imekuwa bure tangu 2021, na kwenye PlayStation gemu za bure hazidai Plus. Tumeijaribu, ni nzuri, na huenda tukaishia huko. Lakini bure ya siku hizi ina mlango wa nyuma. Wadogo wa mtaani kwetu wanacheza Free Fire, gemu ya kupigana risasi, kwenye simu za mama zao, na hela ya kununulia almasi za humo ndani wanaitoa kwenye hela ya maandazi. Ndani ya FC kuna sehemu ya kujijengea timu yako, Ultimate Team: unanunua pointi, unafungua pakiti, hujui utapata mchezaji gani, na toleo jipya likitoka unaanza upya bila kitu. Ubelgiji mwaka 2018 wasimamizi wao walisema pakiti za namna hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza pointi hizo huko. Mdogo wangu nimemkataza kugusa pakiti. Ni mtu mzima, lakini mimi ndiye dada yake na ndiye ninayejua bajeti ya dawa.

Msinambie kelele hazisaidii. Januari 2021 Microsoft, wenye mashine ya Xbox, walitangaza kupandisha ada yao ya kucheza mtandaoni, Xbox Live Gold, ambayo kwa mwaka ingefika dola 120. Wachezaji walipiga kelele, na siku ile ile kampuni ikarudi nyuma. Zaidi ya hapo ikasema gemu za bure hazitahitaji tena ada hiyo. Mwaka huo huo, Aprili, hapa kwetu vifurushi vipya vya intaneti vilitoka watu wakakuta bando limepungua kwa hela ile ile. Nchi nzima ilichachamaa na serikali ikasitisha bei zile. Mwaka mmoja, mara mbili. Kweli, Oktoba 2025 Microsoft hao hao walipandisha Game Pass Ultimate, kifurushi chao kikubwa cha gemu, kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi, kwa hiyo kelele zinatakiwa ziendelee.

Ninachotaka si kupewa bure. Nataka duka la Tanzania, bei kwa shilingi, malipo kwa simu kama tunavyolipia king'amuzi, na kifurushi kidogo cha kucheza mtandaoni tu, bila zile gemu za kila mwezi zinazokuja na Plus, ambazo sina bando la kuzishusha. Hata wiki moja moja iuzwe. Mteja wa steshenari yangu ananunua karatasi mbili za A4, na ninamuuzia.

Ada yangu inaisha mwezi ujao. Mdogo wangu anataka tuchange alipie yeye kwanza, nimrudishie kidogo kidogo. Nimemkatalia, kwa sababu mwezi ujao ndio wa ada ya shule, na hilo tulishakubaliana tukiwa sare ya mbili mbili dakika ya themanini. Amenuna. Tutaanza eFootball wiki ijayo, na ameshasema Arsenal ni yake huko pia.